Fundi wa Vitasa na Anwani Isiyofungwa

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Kabla hujasoma zaidi, kaa vizuri kwenye kiti, maana anayekuandikia si yule mjomba uliyemwacha. Tangu Ijumaa mimi ni mtu wa dunia nzima. Nina tovuti! Mtu akiwa hata kule kwenye barafu na mlango umemgomea, anabonyeza tu, na mimi natokea na bisibisi mkononi.

U hali gani lakini? Zamu za mapokezi hapo hospitalini hazijakumaliza? Mimi mzima, mama yako mzima, goti langu la kushoto ndilo linalojifanya mgonjwa kila linapoona ngazi.

Nimeijenga mwenyewe. Watu wanasema niliishia darasa la nne. Hawasemi kwamba mwalimu ndiye aliyeniomba niondoke, alikuwa ameishiwa cha kunifundisha. Nilipomaliza nikainakili ile anwani ndefu iliyoko juu kabisa ya kioo, pale pale nilipokuwa nafanyia kazi, nikaibandika kwenye makundi yote ya simu: la mtaa, la wapangaji, la akina mama wenzake mama yako, hata lile la msiba wa kinyozi ambalo mpaka leo halijavunjwa. Mwanzoni wakalalamika, "Fundi, inatuomba ruhusa." Ruhusa? Mgeni wangu aombe ruhusa? Mimi si mkono wa birika. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka mpaka ikamfungukia kila mtu.

Nimeweka na picha ya kitasa nilichomfungia mama yako mwaka jana. Chini nimeandika: "Kitasa hiki hata fundi mwenyewe hawezi kukifungua bila ufunguo." Wasome waogope.

Anwani hii hapa chini. Igawe na huko.

Mjomba wako


Jumanne, 4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, ila mimi na usingizi tunatafutana. Hongera kwa tovuti, picha ya kitasa imependeza.

Lakini Mjomba, nimeifungua hiyo anwani nikashtuka. Uliyonakili si anwani ya kutazamia, ni ya kutengenezea. Ni kama umealika wageni, ukaacha mlango wa sebuleni, ukawapitisha jikoni na visu viko mezani. Hapa juu naona kalamu ndogo. Nikiibonyeza naweza kufuta, kuandika, kubadilisha chochote. Nimejaribu: nimeweka nukta baada ya jina la karakana yako. Imekubali. Kama mimi naweza, basi kila aliye kwenye makundi yako anaweza, na kila waliyemtumia.

Fanya hivi leo. Bonyeza "Shiriki". Palipoandikwa kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri, badilisha iwe "anaweza kutazama". Kisha bonyeza "Chapisha", utapewa anwani nyingine, fupi. Hiyo ndiyo ya kugawa. Mwisho, ifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Kompyuta yako inakujua, itakufungulia kila kitu na kukupumbaza.

Msalimie Mama.

Mpwa wako


Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu, marahaba. Goti nalo linaitikia.

Hivi unamfundisha kuku kutaga? Kufunga ndiyo kazi yangu! Nimeshafunga. Nimezima kompyuta, nimeitia kwenye droo, na droo nimeipiga kufuli ya shaba, ile ya kufungia maghala. Nani ataingia?

Jambo moja tu, na wala halininyimi usingizi: tangu juzi simu haijalia. Nadhani watu wanaona haya kumpigia mtu mkubwa. Lakini sifa zinafika. Jana mama wa duka la vitambaa kanisimamisha njiani: "Fundi, asante, kijana wako kanifungulia stoo haraka, na adabu anayo." Nikamjibu karibu tena. Sifa hazirudishwi zilikotoka.

Mjomba wako


Ijumaa, 7 Machi

Mjomba, shikamoo. Leo goti sitaliuliza.

Kijana gani? Wewe huna kijana. Wa mwisho ulimfukuza kwa kosa la kupiga miayo.

Nimeifungua tovuti leo asubuhi. Namba niliyoikuta si yako. Mtu ameingia kwa ile anwani uliyogawa, akafuta namba yako akaweka yake. Jina ni lako, picha ni zako, heshima ya miaka yote hiyo ni yako. Simu inalia kwake. Nikairudisha namba yako hapo hapo. Mchana nikatazama tena: imerudi ya kwake.

Anatuangalia, Mjomba. Na tovuti haikai kwenye droo. Iko wazi hata ukiitupa hiyo kompyuta mtoni. Mimi naweza kuandika na kufuta kama yeye tu. Mwenye uwezo wa kuifunga ni wewe peke yako. Nakusihi.

Mpwa wako


Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu,

Salamu ni zile zile, ila leo nazitoa nimekaa ukingoni mwa kitanda.

Unamkumbuka mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, niliyemwekea kufuli tangu nywele zake zikiwa nyeusi? Wiki iliyopita mlango wake ulimgomea. Akapiga namba. Akaja kijana mpole, akasema fundi mkuu ametingwa, akafungua, akaaga kwa heshima zote. Jumamosi mwalimu akaenda kliniki. Aliporudi akakuta mlango umefungwa vizuri kabisa, hauna hata mchubuko, na ndani hamna kitu. Redio, cherehani, mpaka mapazia.

Leo sajini kaja karakana. "Fundi," anasema, "nyumba imefunguliwa kwa ufunguo. Nani hapa mtaani anachonga funguo?" Mwalimu amesimama nyuma yake. Hakunitukana. Kasema tu, "Nilipiga namba iliyo chini ya picha yako." Afadhali angenitukana.

Nikaeleza habari ya tovuti. Sajini akanitazama. "Kwa hiyo mwizi ulimpa kalamu wewe mwenyewe, na karatasi ukamshikia?" Kanipa mpaka Ijumaa. Nisipotoa maelezo ya kueleweka, nafunga karakana nahamia kwake, na huko kufuli ziko upande wa nje.

Kompyuta nimeitoa kwenye droo. Nimeazima miwani ya jirani. Kitufe chenyewe kiko wapi?

Mjomba wako


Jumanne, 11 Machi, jioni

Mjomba, nisamehe, salamu baadaye.

Kitufe kiko juu kulia, kina umbo la mtu na alama ya kujumlisha. Lakini kiache kwanza. Nimetoka kuongea na Mama. Anasema kitasa chake kimekuwa kigumu, ufunguo unazunguka kwa kulazimishwa. Nikamuuliza kwa nini hajakuita. "Sikutaka kumsumbua na goti lake. Nimepiga ile namba ya kwenye tovuti. Kijana wake ana heshima! Anakuja kesho asubuhi."

Nilipoanza kumwambia asimfungulie, simu ikakatika. Sasa haipatikani. Mimi kufika huko ni safari ya siku nzima. Wewe uko mitaa miwili tu. Nenda, Mjomba. Hata kwa goti moja.

Mpwa wako


Jumatano, 12 Machi, mchana

Mjomba? Simu yako inaita bila kupokelewa. Ya Mama haipatikani. Niandikie hata neno moja.

Mpwa wako


Jumatano, jioni

Mjomba, tafadhali.


Alhamisi, 13 Machi

Mpwa wangu,

Tulia. Mama yako mzima, kala, kashiba, na sasa ananisema. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Yangu niliisahau karakana pamoja na zana zangu zote, kwa vile nilivyotoka mbio. Jana kutwa nzima tulikuwa kituoni tukiandikisha maelezo.

Sasa sikia mjomba wako alivyofanya. Jioni ile ile nilimhamishia mama yako kwa jirani, nikamwarifu sajini. Asubuhi sajini akakaa kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, kavaa kiraia. Mimi nikaingia ndani peke yangu, nikajifungia kwa ufunguo, nikasubiri. Saa nne mlango ukagongwa. Nikalainisha sauti mpaka ikawa ya mama yako mtupu: "Kimekwama, mwanangu, fungua wewe." Akaanza kuchokonoa. Kitasa kilipolia tu, nikamrukia kama chui! Akaenda chini chali, funguo zikatawanyika uani, na wa mwalimu ukiwemo. Sajini alipofika hakuwa na kazi ila ya pingu. Redio na cherehani vimekutwa chumbani kwake. Mapazia alishayatundika. Mwalimu amenipa mkono mbele za watu. Nikaona mtaa wote umenisamehe.

Na tovuti nimeifunga, kwa kile kitufe cha mtu na kujumlisha. Nimeijaribu kwenye simu ya sajini kama ulivyoniagiza: kabonyeza wee, hakuna kinachosogea. Anwani fupi hii hapa chini. Hiyo igawe bila hofu. Namba iliyopo ni yangu, nimejipigia mwenyewe nikaipokea.

Utaona picha ya kitasa cha mama yako nimeiondoa. Utataka kujua sababu, na mama yako ameapa akikupigia Jumapili atakusimulia. Yeye akisimulia huongeza chumvi, sijui kairithi wapi. Bora unisikie mimi.

Nilipojifungia asubuhi ile, ufunguo ulikatikia ndani ya kitasa. Hakikuzunguka mbele wala nyuma. Madirisha yana nondo, nilizichomelea mimi. Zana ziko karakana. Choo, unakijua, kiko uani, nami nilikuwa nimemaliza chupa nzima ya chai ili nijipe moyo. Kwa hiyo saa nne kijana alipogonga, ile sauti nyembamba haikuwa ya kutega, mpwa wangu, ilikuwa ya kuomba. Naye akakifungua kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Na wala sikumrukia. Nilikuwa nakimbilia choo, akawa amesimama njiani.

Mjomba wako