Mtoto Anayesahau Kupumua

Papa wangu mpendwa,

Amani iwe nyumbani kwetu Kindu. Mguu wako unaendeleaje? Na mama, kikohozi kimemwachia? Wiki jana kwenye simu ulitaka kunitajia jina la mjukuu wako, nikakukatiza. Usinikasirikie. Mambo haya hayaingii kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Mtoto amekuja kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kama mkate. Zaina, mkwe wako, alipasuliwa hapa hospitalini na bado hawezi kuketi. Basi muuguzi, Mama Antho, akanivua shati, akamlaza mtoto kifuani pangu, akatufunga pamoja kwa kikwembe, kitenge cha Zaina. Mimi, mbeba magunia wa uwanja wa ndege wa Bangboka! Wamama wa chumbani walicheka mpaka wakashika matumbo. "Papa bébé, maziwa yako itatoka saa ngapi?"

Kisha Mama Antho akanifundisha neno: apnée.

"Bon, papa, huyu mutoto iko anasahau kupumua. Ile ndio apnée. Ukiona amenyamaza, mukune chini ya muguu. Lakini akisikia weye unapumua, naye anakumbuka."

Kusahau kupumua! Miaka yote hii nilidhani pumzi inakuja yenyewe. Sasa nashangaa hata nikimwona mlevi amelala barabarani, anapumua bila kufundishwa na mtu. Chumba kizima kimelidaka neno hilo. Bomba likikauka, wamama wanasema maji iko na apnée.

Jana asubuhi nilikuwa nakunywa chai, kifuani pakawa kimya. Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya majivu. Nikaita, "Apnée!" Nikamkuna unyayo. Wapi! Nikamkuna tena. Hakuna aliyecheka. Mama Antho akaja mbio, akanitazama usoni, akanipiga begani.

"Papa, weye nawe! Pumua!"

Kumbe nami nilikuwa nimeacha. Nikavuta pumzi kubwa, kifua kikamwinua, naye akavuta yake. Ndogo sana, Papa, lakini niliisikia kwenye ngozi yangu. Nililia mbele ya wamama wote, wala sikuona haya. Mungu ni mkubwa.

Siku ile ya simu niliogopa kupokea jina, halafu mtoto akituacha, nije kukurudishia. Leo siogopi vile. Naandika kwa mkono mmoja, yeye yumo humu ndani ya kikwembe, amelala.

Nisalimie mama, shangazi Mwamini wa maandazi, na tonton Saidi fundi baskeli.

Ukipata barua hii, piga simu ulitaje hilo jina. Anayo pumzi ya kuitika.

Mwanao,
Ramazani