Mkono Unaocheza Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi

Baba Akinyi,

Nimefungua cherehani, mapema tu baada ya kukuzika. Sare za shule, kama kawaida. Mkono wa kushoto umenigomea. Unaruka wenyewe, unatupa kitambaa chini. Nimeukalia. Mguu nao ukaanza.

Jumatano, 5 Machi

Mtaa mzima wa Kianda unajua. Wanasimama mlangoni kutazama. Jirani akaniuliza, "Mama Akinyi, hiyo ni ngoma ya wapi?" Nikamwambia alete sketi yake, nitaishona nikicheza.

Nikilala mkono hutulia. Nikiamka, unaanza tena.

Alhamisi, 6 Machi

Dada yako amekuja kutoka Gatina. Anasema ni wewe unanivuta. Eti umekasirika kwa kuwa nilirudi kazini mapema. Anataka nikafunge kanisani kwao, bila chakula, bila dawa.

"Ndugu yangu anakuita."

"Akiniita atatumia jina langu."

Nimekasirika hadi sasa. Hukuwahi kunivuta. Tukivuka reli ulinyoosha kidole kimoja, ukangoja nikishike mwenyewe.

Nimekumbuka dawa. Zangu za sukari ziliisha wiki tuliyokuzika, sikuchukua nyingine. Na chai. Kila aliyekuja kunipa pole alipika chai, akaitia sukari nyingi ili mfiwa apate nguvu. Chai ya matanga huwezi kukataa. Nilikunywa yote. Kiu haikuisha.

Ijumaa, 7 Machi

Dada yako amerudi na wazee wa kanisa. Wameniombea mlangoni. Nikasema amina, nikafunga mkono kwa leso, nikapita katikati yao. Akinyi alinishika upande wa pili. Tulitembea hadi kliniki ya Olympic. Watu walitazama. Watazame.

Wamenidunga kidole. Sukari iko juu, kipimo kimeshindwa kuisoma. Wananipeleka hospitali kubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Wodini. Drip na sindano za insulini. Daktari anasema sukari ikipanda hivi inaweza kuvuruga ubongo, mkono ukacheza peke yake. Nikamwomba arudie dada yako akiwepo. Akarudia. Dada yako akatazama dirisha.

Naogopa. Lakini nimejua si wewe.

Jumapili, 23 Machi

Nyumbani. Mkono bado unashtuka kidogo, vidole tu. Unashika kitambaa.

Dada yako amekuja. Amepika chai, akaniwekea kikombe changu kando, bila sukari. Tumekunywa.

Kesho kola za sare.

Nikumbuke, Baba Akinyi. Niko kwa cherehani.