Kitufe Ulichonitengenezea cha Kuficha Ngamia

Bashir, mtoto wa mwanangu,

Salamu nimekupa kwa sababu Mungu ameamuru watu wasalimiane. Usidhani ni zaidi ya hapo.

Nakuandikia kwa Kiswahili na sababu unaijua. Kisomali ndicho nilichokubembelezea ukiwa na homa, nikikuita ayeeyo, ayeeyo, kama kila bibi wa Kisomali anavyomwita mjukuu kwa jina lake mwenyewe, mpaka usingizi ukakuchukua. Hicho nimekiweka kando kwanza. Kiswahili nilijifunza sokoni Garissa, nikigombana na wateja waliosema maziwa yangu yana maji, na leo ninayegombana naye ni wewe. Mwandiko ni wangu. Nilisoma ngumbaru msimu mmoja, nikaacha siku yule mwalimu, kijana ambaye shati lilikuwa kubwa kuliko yeye, aliponisahihisha mbele ya wanawake wenzangu. Herufi nilizoondoka nazo zinatosha.

Unakumbuka ule ukame uliotugawia ngamia makundi mawili, wengine wakabaki huku na wengine wakapelekwa mbali kutafuta majani? Ulikuja na kompyuta yako ukaiweka juu ya mkeka wangu wa kuswalia, nikakufokea, ukaihamisha. Ukasema, “Ayeeyo, nitawaandika wote humu. Daktari wa mifugo akija hatababaika, na sisi tutajua nani yuko wapi.” Nikakaa nikakutajia. Jina la ngamia. Jina la mama yake. Ana mimba au hana. Anatoa maziwa au amekauka. Amechanjwa au bado. Amezaa wangapi. Na mwisho kabisa, mwenyewe ni nani. Kila swali ulilipa safu yake. Nikakuuliza, “Warya, we kijana, hawa ni ngamia au ni watu wa Garissa wanaoomba kitambulisho?” Ulicheka mpaka ukalala chali, na dadako Hodan naye akacheka, chai ikamwagika. Nyumba ilikuwa na kicheko siku hizo.

Halafu yule jirani wa mlango wa pili akaja kuazima sufuria. Akainama nyuma ya bega lako, macho kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kusoma kwa sauti, huyu wa fulani, huyu kazaa wanne, na hakutaja jina la Mungu hata mara moja. Nilikifunga kifuniko vidole vyako vikiwa ndani. Ulilia “Ayeeyo, vidole!” Nikakwambia vidole vitapona. Mifugo ya watu haihesabiwi mbele ya watu. Unamfungulia boma langu kila anayekuja kuazima sufuria?

Hukubishana. Ulienda ukakaa na kompyuta pale kwenye kivuli cha tangi la maji, kesho yake ukaniletea. “Bonyeza hapa, Ayeeyo.” Ilikuwa alama ya kijani juu ya jedwali, pana kama ukucha wa kidole gumba, imeandikwa FICHA. Nikabonyeza. Safu mbili za mwisho zikaondoka, ile ya uzao na ile ya mwenyewe, jedwali likajifunga kama ngozi ya kidonda kilichopona, usingejua kulikuwa na kitu. Na ile alama sasa ikawa imeandikwa ONYESHA. Nikabonyeza tena, majina yakarudi yote mahali pake. Uliniambia inaitwa makro, kwamba ni kazi unayoifundisha mashine mara moja tu, halafu kila ukigusa inaifanya yenyewe. Nikasema, kumbe ni ngamia aliyefunzwa kupiga magoti. Ukasema, “Ndiyo hivyo, Ayeeyo. Ukimgusa anapiga magoti, ukimgusa tena anasimama.”

Nilijivuna, Bashir. Niliwaita wanawake wa maziwa waje waone kile kitufe, safu zikiwa zimefichwa, nikawaambia mjukuu wangu ameifundisha mashine adabu. Walinionea wivu. Mmoja alisema wa kwake shule imemfundisha kuvaa suruali ya kubana tu.

Sasa nikukumbushe jambo la zamani kuliko kompyuta.

Hodan alipozaliwa tulikuwa malishoni, na wewe ulikuwa umeanza kung'oka meno ya mbele. Kwetu mtoto akizaliwa anatengewa mnyama, na kila atakachozaa mnyama huyo ni cha mtoto, hata kama wanachungwa pamoja na wa ukoo mzima. Wewe ulitengewa Gududa, yule mwekundu, nikamfunga kitovu chako mkiani. Kwa Hodan wazee wakasema ngamia ni wa wanaume, msichana mpe mbuzi, mbuzi anamtosha. Babu yako mwenyewe alisema hivyo, Mungu amrehemu. Nikawaambia mimi ndiye ninayewakamua hawa ngamia, na kama hamtaki, kesho wakamueni ninyi. Wakaniachia. Nikamchagua Adey, mtamba mweupe, mzuri kuliko wote, na kipande cha kitovu cha dadako nikakifunga kwenye nywele za mkia wake kama mama yangu alivyofanya. Adey alikuwa anarukaruka. Baba yenu alikuwa ameenda kisimani. Nani alimshika kamba?

Ulimshika wewe. Alikuburuta, goti likachubuka, hukuachia. Ukaniuliza, “Ayeeyo, huyu ni wa mtoto kabisa kabisa?” Nikasema kabisa. Ukamwambia Adey kwenye sikio, “Umesikia? Wewe ni wa Hodan.”

Na baba yenu alipofariki, ni maziwa ya Adey na wanawe yaliyokuweka shuleni wewe. Hodan hakuombwa mara mbili. Alisema, “Achukue, si ni kaka yangu?”

Kisha ukaoa kule mji wa Lafey. Nilifurahi, sitasema uongo. Wanaume wakaenda kukaa na wakwe kupanga ngamia wa kuwapelekea, mimi nikabaki Garissa kwa sababu mwanamke hakai kwenye kikao hicho. Ukamtumia adeer yako Yusuf, ndugu ya marehemu baba yako, lile jedwali kwenye simu yake ili alisome mbele ya wazee. Yusuf ni mwanangu nampenda, lakini ni mtu wa mjini, ngamia wetu hamjui hata mmoja kwa jina. Yeye alisoma alichokiona. Majina, mimba, maziwa. Safu ya mwenyewe haikuwepo. Aliniambia baadaye kwamba alikiona kile kitufe, akakibonyeza, hakikusikia. Kumbe kwenye simu hakifanyi kazi. Kinaonekana tu kama mlango uliochorwa ukutani. Na aliyekitengeneza alijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Yusuf akakugeukia, akakuuliza mbele ya watu, “Hawa ni wa nani?”

Ukamjibu, “Ni wa nyumbani, adeer.”

Habari nililetewa na mchungaji. Alifika na madumu ya maziwa, nikamuuliza mbona leo ni kidogo. Akacheka, akidhani nimeshajua. “Ayeeyo, Adey ameenda Lafey kuolewa, na wanawe wawili wamemsindikiza!” Hodan alikuwa anafukiza madumu kwa moshi, maziwa yasichache. Hakugeuka. Aliendelea kufukiza dumu lile lile mpaka moshi ukazidi, na maziwa ya siku ile yalikuwa machungu, tuliyamwaga.

Nikakupigia simu. Unayakumbuka maneno yako? “Ayeeyo, safu zilikuwa zimefichwa, sikuona. Na si wewe uliyesema zifichwe mbele ya wageni?”

Wallahi, nilikata simu.

Ndiyo, nilisema. Nilikuomba uifiche mali mbele ya wageni. Wewe umeificha mbele ya mwenye mali. Na usinitupie safu mimi mzee. Kompyuta ikisahau, na wewe unasahau? Lile goti lako lina kovu mpaka leo. Unahitaji safu gani ikwambie Adey ni wa nani? Yusuf hakujua, nimemsamehe kabla hajamaliza kueleza. Lakini wewe ulikaa pale, ukasikia jina la Adey likisomwa, ukanywa chai.

Tena kuna hili. Hodan alifungua ile kompyuta ya zamani uliyotuachia. Akabonyeza, majina yakasimama. Kwenye mstari wa Gududa, mwenyewe: Bashir. Gududa yuko hapa. Hujampeleka Lafey, kwa sababu amekauka na ana jicho moja bovu, ungeaibika kumsimamisha mbele ya wakwe. Basi ukaoa kwa mali ya dadako, ya kwako ukaiacha inatafuna majani. Ungeuliza, Bashir! Ungemwambia Hodan, “Dada, naomba Adey.” Unajua angejibu nini, kwa sababu maisha yake yote amekujibu neno moja tu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Umeiba kitu ambacho ungepewa.

Wazee wa hapa wanasema nisikuze mambo, arusi imeshapita, bibi arusi ni mtu mzuri. Bibi arusi hana kosa, msalimie, salamu hizo ni za kweli. Wanasema msichana naye ataolewa na ngamia wataingia tena. Wanalirudia lile lile la mbuzi anamtosha. Niliwashinda zamani nikiwa na nguvu, na nilidhani nimekulea wewe uwe upande wangu nitakapochoka.

Hodan hajasema neno baya juu yako. Afadhali angesema. Anakamua, anafukiza, analeta maziwa sokoni, jina lako likitajwa anaangalia pembeni. Nasikia Adey amezaa tena huko, jike, mweupe kama mama yake. Nilimwambia. Akauliza tu, “Anatoa maziwa vizuri?” Nikasema nasikia vizuri. Akasema, “Alhamdulillahi.”

Wiki iliyopita nilimwambia akiondoe kile kitufe. Akasema, “Ayeeyo, nikikiondoa wageni wataona kila kitu.” Nikamwambia na waone. Jirani aje na sufuria zake asome mpaka akauke mate. Miaka yote nimeogopa jicho la mgeni, na jicho la mgeni halijanitoa hata mbuzi mmoja. Akakiondoa. Sasa safu zote zimesimama wazi mchana na usiku.

Kisha nikamwambia, andika jina lako kwa Gududa. Alichukua cha kwako, chukua cha kwake. Aliweka mkono juu ya vitufe. Halafu akafunga kifuniko, taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha mwenzake.

“Gududa ni wa kaka,” akasema. “Wewe mwenyewe ulimfunga kitovu.”

Kwa hiyo usinitumie sauti kwenye simu, usinitumie ngamia mwingine na dereva wa lori. Ukija, njoo na mdomo wako, ukae chini na dadako, umwambie Adey ni wa nani. Usipokuja, mikono ya kubeba jeneza langu haitakosekana Garissa.

Ila ujue Gududa ananyweshwa maji kama wengine. Hodan ndiye anayemwosha lile jicho, na kwenye jedwali jina lako liko palepale ulipoliandika. Hakuna aliyelificha.

Mimi ayeeyo yako,
niliyefunga kitovu wewe ukishika kamba.