Kifaili Kisicho na Harusi

Jumatano, Kilindoni. Mawingu tangu asubuhi, joto limekaa palepale. Sina hamu ya kula wala ya kuonana na mtu.

Nimemwonyesha mama mgonjwa giza badala ya harusi ya mwanawe. Niandike hivyo, maana ndivyo ilivyo.

Wiki iliyopita nilipiga video ya harusi ya Zuhura kule Miburani. Mama yake, Bi Mwanaisha, yuko Jibondo, hawezi kuinuka kitandani sembuse kuvuka maji. Ndiyo maana katikati ya sherehe Zuhura aliigeukia kamera yangu akazungumza na mama yake. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikishia.

Sasa, diski ya kompyuta yangu imejaa kasa. Ni video za wageni wa hifadhi ya bahari, watoto wa kasa wakitoka mchangani kule Juani, na wenyewe hawajazichukua, kwa hiyo sithubutu kuzifuta. Nafasi ya kuhifadhi harusi nzima haikuwepo. Nikatumia ujanja niliousoma mtandaoni: programu ya kuhariri inaipa programu ya kubana video picha mojamoja, mkono kwa mkono, bila kuhifadhi chochote katikati.

Ujanja huo huacha kifaili kidogo chenye jina la video. Nikakifungua hapa kwangu, kikacheza vizuri. Nikafurahia udogo wake, nikajiona fundi kwelikweli, nikakitia kwenye flashi nikampa Zuhura aende nacho.

Kumbe ndani yake hamna hata picha moja. Ni kibao tu cha kuelekeza njia, na njia yenyewe inaishia kwenye kompyuta yangu, programu ya kuhariri ikiwa wazi.

Zuhura amenipigia leo asubuhi. Jana walimwogesha mama, wakamvika doti mpya ya kanga, wakamfukiza udi, kwa kuwa naye anakwenda harusini. Wakaazima jenereta, wakaazima na kompyuta ya mwalimu. Kioo kikabaki cheusi. Mama akasubiri, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani uliolewa gizani?"

Zuhura hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tangu hapo nahangaika kutengeneza video yenyewe. Programu ya kubana inaanza, inafika karibu nusu, inaganda. Nimebadilisha mipangilio ya sauti, nimezima kinga ya virusi, nimeifuta programu na kuiweka upya. Sasa inadai haioni picha zinatoka wapi, na programu zote mbili zimo ndani ya kompyuta hii hii moja! Nimepiga meza mpaka mkono unauma.

Alasiri ndipo akili ikanijia. Kama kibao kinaelekeza hapa, si niibebe kompyuta yenyewe mpaka Jibondo? Nikatafuta turubai la kuifunika isilowe. Kabla sijaizima, ujumbe wa Zuhura ukaingia.

"Kaka, usihangaike tena. Mama hafumbui macho tangu adhuhuri."

 

Kesho nitavuka na kompyuta hata hivyo, ingawa sijui nitamfungulia nani. Turubai liko sakafuni. Kompyuta bado inawaka, na harusi imesimama pale Zuhura alipoigeukia kamera. Nikibonyeza, inaendelea bila tatizo lolote.

"Shikamoo mama. Unaniona?"