Kilima chetu mu mashini ya watu wa historia

Ndosho, Goma

Bahati mudogo wangu, mutoto wa mama yangu,

Uko muzima? Ule mugongo unakuacha ulale? Migomba, ng'ombe, vyote viko? Mimi niko. Meno inapunguka, lakini kichwa kiko sawa, na barua hii naiandika kwa mukono wangu, sikuomba mutu.

Hapa Ndosho kumeingia shirika moja ya watu wa masomo. Wanatoka mu inchi zote za pembeni ya maziwa, wanakusanya historia, luga na nyimbo za wazee. Wanasema hawatafuti kitu. Mutu akikuambia hatafuti kitu, wewe fungia kuku.

Mukubwa wao ni mwanamuke, Madamu Furaha, profesere. Alikuja kwa binti yangu Neema na mashini ya kushika sauti, "Papa, Papa", sauti ya asali. Walimuambia mu Goma yote hakuna Mushi, mutu wa kabila yetu, anajua mambo ya zamani kunipita. Sikatai, ni kweli. Nyimbo nikampa, hadithi nikampa. Kisha akauliza: "Papa, na kilima chenu kule Kabare, nani alitoa kalinzi?"

Unaona? Hadithi, hadithi, halafu kilima! Ng'ombe ambayo baba yetu alimupa mwami, mwenye udongo, ili tulime, inamuhusu nini profesere? Nikajua ametumwa. Nikamuambia: "Kilima ni cha kina Mugisho. Wao walitoa ng'ombe, sisi ni wageni wao." Nilisema mu roho yangu, wezi waende wamusumbue jirani Mugisho, yeye anayetusogezea mupaka kila mwaka.

Juzi akarudi. Eti sauti zote watazipeleka kwetu Kabare, zisikilizwe mbele ya mwami na watu wote, kisha misa! Neema akashika kichwa: "Papa, umemupa Mugisho kilima na mudomo yako mwenyewe!"

Nikamuambia Madamu afute.

"Hatufuti sauti ya muzee, Papa. Lakini unaweza kuongeza ingine."

Kuongeza! Si ndiyo ile ya kweli anaitafuta? Nikakataa: "Kwetu neno ya udongo haisemwi na mutu mumoja. Ndugu anakaa pembeni, pombe ya kasiksi iko katikati, anaitikia. Ile nilisema peke yangu ni upepo."

"Basi Papa, ita ndugu yako."

Mimi, Bahati, nikatafuta kalamu.

Bado simuamini. Lakini kuja. Panda boti, hata kama unaogopa ziwa, na ulete kasiksi ya migomba yetu. Majina ya mashahidi wa ile ng'ombe siandiki hapa, barua inapita mu mikono mingi. Nitasema, wewe utaitikia, na mashini isikie vizuri.

Unisalimie mama wa nyumba yako, shangazi yetu na katekista. Mugisho naye umusalimie kwa heshima. Umuambie kaka yako ni mugonjwa sana, unakuja kuniaga. Atafurahi, atabaki kwake, hatakufuata huku.

Ni mimi mukubwa wako, sina hata kikohozi,

Muzee Murhula