Zabibu ni Zabibu

4 Septemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na tanuri halikusumbui. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo.

Najua simu ipo. Najua pia ulivyoniambia kwamba sauti yangu ya simu ni ya nzi ndani ya chupa, na kwamba maneno ya simu huwezi kuyaweka chini ya mto. Basi ndiyo hii barua.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ileile niliyofika, na jembe lenyewe ni mkasi. Nimepata kazi ya msimu kwenye zabibu, miezi mitatu. Tunakata vishada, tunajaza kreti, kreti zinapandishwa kwenye trekta. Ikifika saa tano vidole vinanata kiasi kwamba nikijikuna pua nakuwa na kazi ya kuibandua. Nalala chumba kimoja na mwenzangu tunayemwita Mluzi, maana anapiga mluzi hata akipiga mswaki. Sijui anawezaje.

Jumapili hatufanyi kazi. Nitatembea, nitakuandikia nilichokiona.

Mwanao,
Kitinda mimba

19 Septemba

Mwanangu kitinda mimba,

Marahaba. Goti lipo, linabashiri mvua kuliko redio. Barua nimeisoma mara tatu, kisha nikamsomea jirani yetu fundi cherehani. Akalia. Lakini yule hulia hata akikosea kukata kitambaa.

Kumbe zabibu! Nimewaambia wateja wote wa mikate: mwanangu anakausha zabibu ng'ambo. Sasa nieleze vizuri. Mnazianika juani au mna tanuri? Za dukani siku hizi ni kokoto tupu. Juzi mteja wa mkate mtamu nusura ang'oke jino, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeziumba zabibu. Ukirudi niletee kilo mbili, zile laini.

Nikuambie ukweli, niliogopa utaishia kwenye baa za watu. Siku tuliyomzika baba yako niliapa kwamba chupa ya kilevi haitavuka tena mlango huu, wala mtoto wangu hatakula kwa pombe. Nyote mmenishikia kiapo changu. Mungu akubariki.

Vaa soksi.

Mama yako

3 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Soksi nimevaa, jozi mbili. Mlangoni kwako wateja hawajambo? Fundi cherehani amekauka machozi?

Nimehamishiwa ndani, sikati tena vishada. Swali lako la kuanika nitalijibu siku nyingine, hapa kila mtu ana sehemu yake na mimi bado ni mgeni.

Nikuambie ya Jumapili. Napanda basi hadi kituo cha mwisho, kila wiki basi jingine, kisha natafuta duka la mikate. Wengine wanaangalia makanisa na sanamu, mimi naangalia matanuri. Jana mwokaji mmoja, mzee mwenye nyusi zilizojaa unga, alitoa mkate akaugonga chini kwa kidole kusikia kama umeiva, vilevile unavyofanya wewe. Nikanyoosha mkono nikaugonga na mimi. Akauliza, "Wewe nani kakufundisha?" Nikamwambia ninaye mwalimu, yuko mbali, ana goti bovu. Alinipa mkate mzima, nikaula kando ya ziwa, miguu majini, mpaka makombo yakaisha.

Nilikuwa na furaha, Mama. Furaha ya peke yangu kabisa, nikaona haya kidogo.

Samahani kwa doa. Naandikia juu ya pipa wakati wa chakula.

Mwanao,
Kitinda mimba

17 Oktoba

Mwanangu,

Salamu zitafuata.

Barua yako ina doa jekundu pembeni. Nililinusa. Miaka kumi na tisa nililala karibu na harufu hiyo, siwezi kuikosea. Zabibu kavu hazinuki hivyo.

Unakausha zabibu, au unapika pombe?

Mama

1 Novemba

Mama,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Hiki ni kiwanda cha mvinyo. Sikuandika neno la uongo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Niliandika zabibu, wewe ukasoma zabibu kavu, mimi nikanyamaza. Zabibu ni zabibu, nikajiambia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikupita doa moja. Nisamehe.

Sinywi. Naapa kwa kaburi la baba. Kazi yangu ni kuosha mapipa, kuvuta mipira ya maji, na sasa kunusa. Nikueleze nilivyofika kwenye kunusa.

Juisi ya zabibu ikianza kuchacha huchemka bila moto, ukiweka sikio kwenye tangi unasikia kama watu wananong'ona chumba cha pili. Katikati ya mwezi uliopita tangi la saba lilinyamaza kabla ya wakati wake. Mkuu wa ghala, tunayemwita Mzee wa Mapipa, alileta vipimo vyake vyote. Mimi niliweka kiganja tu. Lilikuwa baridi, maana liko karibu na mlango mkubwa usiofunga vizuri. Mdomo ukanitoka: "Hamira yake imepata baridi. Mama yangu angeifunika blanketi." Watu wakacheka. Mzee wa Mapipa akauliza, "Na baada ya blanketi?" Nikasema angechukua donge la unga wa jana, ulio hai, akauchanganya na ule uliolala.

Tukalizungushia tangi mablanketi, langu na la Mluzi yakiwemo. Tukawasha hita, tukaongeza juisi kutoka tangi linalochemka, ndoo kwa ndoo. Siku ya tatu likaanza kunong'ona. Mluzi alipiga mluzi hadi tukamfukuza.

Mama, unga wako na juisi yetu vinainuliwa na kitu kimoja. Mzee anasema hamira inakaa kwenye ganda la zabibu, haijanunuliwa na mtu, na hata zile kavu hubaki nayo. Ukiziloweka siku chache zitachemka zenyewe.

Msimu ukiisha anabakiza mtu mmoja, afundishwe kazi ya ghala mwaka mzima. Amenichagua mimi. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Lakini radhi yako ikikosekana sitaichukua, maana nitakuwa nafanya kazi huku nimeinamisha kichwa. Nimemwahidi jibu tarehe kumi na tano Desemba.

Mwanao

24 Novemba

Mama,

Shikamoo. Goti linasemaje? Hewa ya huku imekuwa baridi, mizabibu imebaki vijiti vitupu.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami naungoja. Karani wa posta akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijasalimia. Mluzi amerudi kwao, na sikujua kama chumba kinaweza kunyamaza hivi. Jumapili nilipanda basi hadi kituo cha mwisho, nikapita duka la mikate bila kuingia.

Ikifika tarehe kumi na tano sijapata neno lako, nitafunga begi nije. Sitakuja kwa hasira. Nitakuja kukanda unga.

Mwanao

30 Novemba

Mwanangu kitinda mimba,

Marahaba! Nani kakuambia siitikii?

Naandika mbio, fundi cherehani amesimama mlangoni, ameshavaa viatu vya kwenda posta. Mimi ni mzima, goti ni lilelile.

Nilikasirika. Siku nne sikusema na mtu, unga niliukanda kwa ngumi, na wateja wakasema mikate haijawahi kuwa laini hivyo. Sikukasirikia pombe peke yake. Baba yako naye alianza kwa kunificha, na nikaona mwanangu ananiogopa kama mimi nilivyomwogopa yeye. Iliniuma sana. Usinifiche tena, hata jambo liwe chungu namna gani.

Kisha nikasema, ngoja nimuumbue huyo Mzee wa Mapipa. Nikachukua konzi ya zile kokoto za dukani, nikazitia kwenye chupa ya jemu, nikamwaga maji ya uvuguvugu, nikaifunika blanketi la wajukuu. Siku ya tatu, kimya. Nikacheka peke yangu. Siku ya tano zote zilikuwa zimepanda juu. Siku ya saba niliweka sikio.

Mwanangu, zilikuwa zinanong'ona.

Nilipofungua kifuniko ikatoka harufu ileile. Ya baba yako, akirudi. Nilisimama na ile chupa mkononi, karibu niimwage uani. Sijui kilichonizuia. Nikakanda unga kwa maji yale, bila hata chembe ya hamira ya duka, nikauacha kutwa nzima. Uliumuka, mwanangu, taratibu, ukainua kitambaa. Nikautia tanurini. Harufu niliyoichukia miaka yote ikageuka mkate, watu wawili wakagonga mlango kuuliza kama nauza. Sikuuza. Nilikaa kwenye kigoda nikaula wa moto, nikalia, na fundi cherehani akalia pamoja nami bila kuuliza ni kwa nini.

Radhi unayo. Niliitaka iende kwa barua hii wala si kwa nzi wa kwenye simu, upate kuiweka chini ya mto. Baki ujifunze kazi. Sharti langu moja: tumia pua, koo liache. Na mlango huo wa tangi la saba, waambie waurekebishe, wameharibu mablanketi ya watu.

Kilo mbili zangu ziko palepale. Na usije ukasema hukuelewa: zabibu kavu.

Mamako, anayeitikia