Tuma Hata Wingu

Mururu, Jumapili baada ya misa

Maman yangu,

Nianze na lile ambalo sijamwambia mtu, hata Mama Mudogo, mdogo wako anayenilea huku. Kuna kijana anaitwa Patient. Mimi ndiye niliyemtuma aje kugonga mlango wako huko Panzi, ng'ambo ya mto, na tangu jioni ile sijui aliko. Salamu zinakuja hapa chini. Nikianza nazo najijua, nitasalimia mpaka karatasi iishe na nitakuwa sijasema kitu.

Sasa nakusalimu. Mguu ule unaokuuma wakati wa mvua unaendeleaje? Bibi yangu Koko anakula? Aganze ameacha kukojoa kitandani, ama bado anasingizia paka? Nauliza kama vile utanijibu kesho, na simu yako haipatikani tangu mvua zianze. Mara ya mwisho Maman Zawadi, yule anayevusha nyanya, aliacha salamu zangu kwa Papa wa butike, pale dukani kwake. Papa wa butike akamwambia ana muda hajakuona ukipita. Maman Zawadi hakuweza kupanda hadi nyumbani, maana lazima arudi kabla hawajafunga mpaka. Mimi karatasi ya kuvuka sina, na Papa Mudogo, mume wa Mama Mudogo, hataki hata nilitaje jambo hilo. Jioni nikisimama shambani, nyuma ya nyumba, naona mabati ya upande wa kwetu yanang'aa jua likishuka. Natafuta letu. Yote yanafanana, Maman.

Ili umjue Patient, lazima nikueleze kwanza ninachofanya huko shambani.

Ile simu ya marehemu Papa uliyonipa ili niwe nakupigia, ilipokuwa haina tena wa kumpigia nilianza kupiga nayo picha za anga. Siku moja nikaona kitu chenye mkia chini kabisa upande wa magharibi, nikaweka picha yake kwenye mtandao na kuuliza ni nini. Nilifikiri watanicheka. Aliyenijibu ni Mzee Kiza wa Uvira, fundi umeme aliyestaafu. Akaniambia hiyo ni kometi, ni barafu na vumbi vinavyopita karibu na jua, na vikipata joto ndipo mkia unatoka. Kisha akaniuliza kama nimekula. Ndivyo nilivyoingia katika kundi lao. Tuko wanne: Mzee Kiza, Daphrose ambaye ni muuguzi Bujumbura, Patient anayetengeneza simu huko kwetu Bukavu, na mimi.

Hatuna vyombo vya maana. Mimi naegemeza simu juu ya mfuko wa maharagwe ya Mama Mudogo ili isitikisike, naiacha iangalie muda mrefu, na ile kometi inatokea kama tone la maziwa lililomwagika. Picha moja haionyeshi kitu. Lakini kila mmoja anapiga nyingi akiwa kwake na kumtumia Mzee Kiza, naye anazipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta yake ya zamani mpaka mkia wote unaonekana. Ukiuona, Maman, utajua kwa nini natoka kabla ugali haujaiva.

Na tuna desturi yetu. Kila jioni lazima utume picha, hata kama mbingu imefungwa. Wiki yangu ya kwanza kilima chetu kilikuwa na mawingu tu, nikaona haya, nikanyamaza. Mzee Kiza akanitumia sauti: "Wingu nayo iko mu mbingu, mutoto. Tuma hata wingu, tujue uko." Tangu hapo natuma. Patient akanipa jina la Mademoiselle Wingu. Kila nikituma ananiuliza leo nimewaletea blanketi ya rangi gani, nami nacheka peke yangu jikoni mpaka Mama Mudogo anauliza kama nina homa. Mtoto wa Mzee Kiza alipofariki, siku zote za matanga hakuna aliyeandika maneno. Tulimtumia tu anga, kila mtu la kwake. Yeye pia alituma. Giza tupu, akiwa amesimama mbele ya nyumba yenye watu wanaolia.

Shuleni si hivyo. Kwetu nilisoma kwa Kifaransa, hapa ni Kiingereza. Jibu linanijia haraka kwa Kifaransa, na nikimaliza kuligeuza kichwani mwalimu ameshapita kwa mwingine. Wananiita bubu, wala si kwa ubaya. Kwenye kundi siku nzima haipiti bila kuandika. Kwa hiyo nilipozidiwa na mawazo juu yako, nilimwambia nani? Niliwaambia wao, hata nyumba yetu ilipo.

Patient alijibu kabla ya wengine. Nilisikiliza ile sauti yake mara nyingi, naijua kwa moyo: "Mademoiselle Wingu, usilie. Kesho nikitoka ku kazi niko napanda mpaka kwenu. Nitapiga kometi juu ya nyumba, na maman yako nitamuweka mbele. Umwambie tu asifunge macho."

Daphrose alimwonya kwamba jioni kule si pa kutembea siku hizi za bunduki. Mimi nilisoma onyo lile, Maman. Ningeweza kuandika kwamba basi, asiende, tungoje. Niliandika asante.

Jioni iliyofuata nilikuwa shambani mapema. Mzee Kiza akatuma la kwake, Daphrose akatuma la kwake, mimi nikatuma. Patient hakutuma. Nikasema labda hana umeme. Kesho yake hakutuma tena. Mzee Kiza akaandika: "Patient, hata giza tuma." Tulimpigia kwa zamu, simu haiti. Nami nikawa sitoki shambani. Kometi ilikuwa imeshuka, karibu inagusa vilima vya kwetu, na mimi siiangalii tena, naangalia simu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu asiyepiga picha za anga hawezi kulifanya. Macho yakiona taa nyeupe yanasahau giza, kwa hiyo sisi tunafunika tochi na kitambaa chekundu. Mimi nilitumia kipande cha kile kitenge chekundu ulichonifungia nguo nilipokuja. Sikufikiri jinsi inavyoonekana kwa mtu aliye barabarani. Kila jioni taa nyekundu inawaka na kuzimika kwenye shamba la Papa Mudogo, na msichana kutoka ng'ambo ameelekeza simu ng'ambo ya mto.

Jirani alimwambia. Papa Mudogo alirudi na moto yake, ile pikipiki ya kazi, kutoka kumpeleka abiria Gashonga, akaja moja kwa moja shambani, kofia ya moto bado kichwani. Hakupaza sauti. Akaniuliza: "Ansima, hiyo taa uko naonyesha nani?"

Nikasema napiga picha nyota. Akainua kichwa. Jioni ile, Maman, hakukuwa na nyota hata moja, wingu lilikuwa limefunika kutoka kwetu mpaka kwenu.

"Nyota iko wapi?"

Nilikuwa napiga picha wingu. Utamwelezaje mtu hilo? Akanyoosha mkono nami nikampa simu. Akasema polepole, kama mtu anayejiombea: "Mimi nilizaliwa kule kama wewe. Mu hii kilima bantu bananijua niko mugeni kwa Kiswahili yangu. Unataka banijue na kwa taa yako?"

Si mtu mbaya, usimkasirikie. Usiku nilimsikia anamwambia Mama Mudogo kwamba askari wakija kuuliza nani anapewa ishara ng'ambo, ataulizwa yeye, na ana watoto. Simu ameizima na kuiweka juu ya kabati chumbani kwao. Mama Mudogo ananipa nyama kubwa kwenye sahani na kukwepa kuniangalia.

Kwa hiyo mpaka leo sijui. Labda Patient ametuma na simu imelala juu ya kabati na picha yako ndani, umefumba macho. Labda hajatuma. Na mimi pia sijatuma, ina maana Mzee Kiza na Daphrose wanahesabu kimya cha watu wawili. Kometi nayo imeshaenda nyuma ya vilima, na sina hata haja nayo. Sikumwambia Papa Mudogo habari za Patient, kwa sababu nilifikiri: kama taa tu imemtia hofu namna hii, je akisikia nimetuma mtu kwenye nyumba kule ng'ambo? Silali. Darasani naandika tarehe ubaoni na kusahau nimefuata nini mbele. Leo kanisani wameomba kwa ajili ya walio mbali na sikuweza kusema amina, niliona nikisema nitakuwa nimekubali kitu.

Maman Zawadi ameahidi kesho ataacha nyanya kwa mwenzake na kupanda mpaka mlangoni. Usipokuwepo, barua itabaki kwa Papa wa butike. Nakuomba jambo moja. Kama umechoka, kama kuna mambo hutaki niyajue, usiandike. Mpe karatasi tupu. Ikunje tu kwa mkono wako, kona juu ya kona, kama unavyokunja ya chumvi. Nitaijua. Na kama kijana mrefu mwenye kucheka sana aligonga kwako, mwambie Papa wa butike amwambie mtu, mtu huyo amwambie Maman Zawadi.

Msalimu Koko kwenye kiti chake cha mlangoni. Msalimu Aganze, mdogo wangu, umwambie paka wa huku hawakojoi ovyo. Msalimu Papa wa butike aliyekuwa ananiongezea biskuti. Mama Mudogo, mdogo wako, anakusalimu bila kujua kwamba nimekuandikia, maana kila siku anakutaja akipika.

Nasikia viatu vya Papa Mudogo kwenye kokoto. Leo kila nilipovisikia, karatasi hii iliingia ndani ya daftari la fizikia. Sasa naiacha wazi mezani. Kiswahili anakisoma vizuri. Asome jina la Patient, asome na mahali nilipoandika asante. Akimaliza sitamwomba anirudishie simu. Nitamwomba aiwashe yeye, aishike kwa mkono wake, aniambie tu kama kuna wingu limefika.

Mtoto wako anayeangalia upande wenu,
Ansima